Soko la Krismasi la usiku mtaani: mwongozo kamili wa kuliandaa Nairobi

Berlin mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Saa kumi na moja ikifika giza limetanda, taa za soko la Krismasi zinawaka, na mtoto wa miaka mitano ana saa mbili nzima za kuzikodolea macho kabla ya kurudishwa nyumbani kulala. Nairobi tuko kusini kidogo tu ya ikweta. Jua la Desemba huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu, machweo yenyewe hayamalizi nusu saa, na saa moja giza ni la kweli. Kwa hiyo taa zako zinaanza kupendeza dakika ile ile ambayo mama mwenye watoto anaanza kutazama saa, na kijana asiye na gari anaanza kuhesabu nauli ya usiku.

Hilo ndilo tatizo kuu la soko la usiku hapa kwetu, na wanaoiga picha za Ulaya hawalioni hadi siku yenyewe. Una saa tatu za taa, saa moja hadi saa nne. Tarehe, mpangilio wa vibanda, aina ya chakula, hata mahali pa kuweka choo, vyote vipimwe kwa saa hizo tatu.

Mwongozo huu ni wa kamati ya korti (kundi la nyumba za makazi zenye lango moja), chama, kikundi cha kanisa au vijana wa mtaa wanaotaka soko dogo la vibanda ishirini na kitu, Buruburu, Umoja, South B, Roysambu au popote penye uwanja. Anayepanga maonyesho makubwa yenye tiketi na wadhamini ana mahitaji mengine, na bajeti nyingine.

Hatua ya 1: Jua watu wanafuata nini

Soko la Krismasi la Dresden, Ujerumani, lilianza mwaka 1434 likiwa soko la siku moja, la watu kupata nyama ya sikukuu. Mkazi yeyote wa Nairobi aliyewahi kwenda Kiamaiko kutafuta mbuzi siku mbili kabla ya Krismasi analielewa soko hilo bila kufafanuliwa. Mapambo na mvinyo wa moto ni mambo yaliyozoeleka baadaye. Kule Taiwan, masoko ya usiku kama lile la Shilin mjini Taipei yanaishi kwa chakula: vijia vyembamba, vibanda huku na huku, na muuzaji aliyebobea kwenye kitu chake kimoja. Karibu na sisi kuna Forodhani, Unguja, ambako jua likizama meza za mishikaki, urojo na juisi ya miwa hupangwa kando ya bahari na watu huja hata kama wameshakula nyumbani.

Kote huko utakuta mwanga, moto, kitu cha kushika mkononi, na umati usiokulazimisha kununua. Dukani ukisimama dakika kumi mikono mitupu utaulizwa unataka nini. Sokoni usiku unaweza kuzunguka mara tatu bila mtu kukuuliza chochote, na kwenye mzunguko wa nne unajikuta umefungua pochi.

Tena somo hili tunalo wenyewe kila jioni. Simama kando ya muuza mutura, ile soseji ya kienyeji ya utumbo, yeyote wa Eastlands. Ubao umelazwa juu ya meza iliyoegemezwa ukuta, moshi wa makaa unakwenda unakotaka, kisu kinakata vipande vya unene wa kidole gumba, na kwenye kona ya ubao kuna kilima cha chumvi iliyochanganywa na pilipili, kachumbari ikiwa kando. Wateja wameuzunguka ule ubao. Wanachovya, wanatafuna wamesimama, wanabishana kuhusu mpira, na aliyekuja na nia ya kula ya shilingi ishirini anaondoka ametumia themanini kwa sababu ubishi haukuisha. Hakuna kiti wala menyu.

Kuna kanuni mbili hapo ambazo nitazirudia. Ya kwanza, uza kwa vipimo vidogo, ili mtu aweze kula kwenye vibanda vinne badala ya kimoja. Ya pili, weka viti vichache. Mtu aliyekaa kitako na nusu kilo ya choma na ugali kando hatembei tena, na soko ambalo watu hawatembei ni mkahawa wa nje tu. Weka viti kwa ajili ya wazee, wajawazito na wenye watoto wachanga. Wengine wape meza ndefu za kuegemea.

Hatua ya 2: Tarehe kabla ya kitu kingine chochote

Soko la Krismasi la Nairobi hukwisha kabla ya Krismasi. Ikifika tarehe 20 Desemba nauli za kwenda magharibi zimepanda, kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus hapa Nairobi hakipitiki, na sehemu kubwa ya mtaa iko ushago, yaani kijijini kwao, au iko njiani. Soko la tarehe 23 litakuwa la wauzaji kuuziana. Wajerumani huuza hadi karibu na mkesha kwa kuwa wateja wao wako mjini; wetu wameshapakia mizigo.

Kwa hiyo lenga Jumamosi za kati ya tarehe 5 na 19. Jamhuri Dei, tarehe 12, inasaidia kwa sababu watu wana mapumziko na shule zimefungwa. Waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba mapema, kabla ya sikukuu, na wiki hiyo ndiyo dhahabu yako. Usikisie. Uliza kwenye kundi la WhatsApp la korti watu hulipwa lini, utapata majibu mengi kuliko ulivyotarajia.

Ijumaa inavutia kwenye karatasi, lakini foleni ya Ijumaa ya Desemba inamfikisha mtu nyumbani saa mbili akiwa amechoka na ana hasira. Mimi ni wa Jumamosi. Kumbuka tu majirani Wasabato: Sabato yao humalizika jua linapozama, kwa hiyo wauzaji wao hawatapanga bidhaa mchana. Watengee nafasi karibu na lango ili waingie saa kumi na mbili na nusu bila kuwapita wengine na mikokoteni.

Andaa mara mbili, Jumamosi mbili zinazofuatana, kuliko mara moja kwa ukubwa. Tenti zikikodishwa pamoja utaomba bei nafuu, na muuzaji aliyefanya vizuri wiki ya kwanza atakuja na mwenzake.

Halafu kuna mvua. Vuli huanza Oktoba, hupamba moto Novemba, na miaka mingine huendelea hadi katikati ya Desemba. Mwishoni mwa 2023, wakati wa El Niño, hakuna aliyehitaji kukumbushwa. Panga kana kwamba itanyesha.

Hatua ya 3: Uwanja, kisha barua

Kandokando ya barabara pasikutamanishe. Pana wapita njia wengi, lakini pana kanjo, askari wa kaunti, pia, na soko linalovunjwa saa moja na nusu usiku halirudi mwaka unaofuata. Tafuta ardhi yenye mwenyewe: ua wa kanisa, uwanja wa shule iliyofungwa, maegesho ya jengo la biashara linalofunga mapema, au eneo la wazi la korti lenye kamati inayotambulika. Pata barua ya mwenye uwanja kwanza, yenye tarehe na saa, kwa kuwa kila ofisi nyingine itaiulizia.

Pima uwanja kwa hatua zako ukiwa umevaa viatu utakavyovaa siku hiyo. Kibanda kimoja kihesabie mita tatu kwa tatu. Njia ya katikati iwe mita tatu hadi nne; ikizidi hapo pande mbili hazisikizani na soko linaonekana tupu hata likiwa na watu mia mbili, ikipungua hapo mama mwenye kigari cha mtoto anakwama. Masoko yenye mvuto hubana kidogo. Pawe na milango miwili ya kutokea, yote ikiwa wazi muda wote.

Ukiwa na barua, nenda ofisi ya wadi ya kaunti uulize ada za shughuli ya siku moja au mbili, na upeleke barua kwa chifu na kwa OCS, mkuu wa kituo chenu cha polisi. Fanya hivi majuma matatu kabla, Desemba maofisa nao wanasafiri. Wauzaji wa chakula wanahitaji cheti cha uchunguzi wa afya, kile kinachofanywa upya kila baada ya miezi sita, na ni vyema umwalike afisa wa afya ya umma atembelee kabla, kuliko atembelee saa mbili usiku. Muziki uliorekodiwa ukipigwa hadharani unahitaji leseni ya mirabaha. Kwaya ya kanisa ikiimba nyimbo za zamani za Krismasi hugharimu soda na usafiri, na wazazi wa wanakwaya wote watakuja.

Pombe, iache. Leseni yake ni ya peke yake, saa zake zinabanwa na sheria ya mwaka 2010, na ukiiweka unapoteza familia ifikapo saa mbili.

Hatua ya 4: Wauzaji, na hapa ndipo soko linapopatikana au kupotea

Chukua vibanda 24 kama kipimo. Ningegawa hivi: tisa vya chakula, vitatu vya vinywaji vya moto, saba vya zawadi na nguo, viwili vya watoto, na vitatu ambavyo nitavieleza baadaye kidogo kwa sababu ndivyo vinavyolifanya soko liwe la Nairobi.

Kwenye chakula, kila kibanda kiwe na kitu kimoja au viwili tu. Mutura na supu. Viazi karai na ukwaju. Bhajia. Mishikaki. Mahindi choma yenye ndimu na pilipili. Smoki na mayai pasua. Chapati zinazosukumwa mbele ya mteja, kwa sababu chapati ya Krismasi ina nguvu yake na harufu yake inafika langoni. Samaki wa kukaanga, akipatikana mwenye mkono mzuri. Mandazi ya iliki. Mtu akikuambia atauza pilau, kuku, chipsi, soseji na juisi, mwombe achague. Menyu ndefu ina foleni ndefu, na saa tatu zako haziruhusu.

Wauzaji wawili wa kitu kimoja si dhambi, ila waweke mwanzo na mwisho wa soko. Na kila mmoja aweke kipimo cha shilingi hamsini au chini yake. Andika sharti hilo kwenye fomu.

Vinywaji vya moto ndivyo mkono wa mgeni unavyotafuta kwanza. Usiku wa Desemba Nairobi unaweza kushuka hadi nyuzi 13 au 14, na mtu aliyetoka nyumbani na fulana ataanza kukunja mikono saa mbili. Ulaya wanauza mvinyo mwekundu uliopashwa moto na mdalasini, karafuu na maganda ya machungwa. Viungo hivyo vyote viko jikoni kwetu. Chemsha maua makavu ya rosela pamoja na mdalasini, karafuu, tangawizi na sukari kiasi, uchuje: rangi ni nyekundu ile ile, mtoto anaruhusiwa, na mvuke wake unauza wenyewe. Weka na dawa ya limau, tangawizi na asali, chai ya maziwa ya tangawizi, na kahawa chungu kwa watakaokesha.

Jambo moja la Wajerumani naliiga bila kusita: amana ya kikombe. Mteja analipa bei ya kinywaji na shilingi mia juu yake, anapewa kikombe cha enameli, akikirudisha anarudishiwa mia yake. Unaondokana na takataka za vikombe vya karatasi, na mteja analazimika kurudi kibandani, ambapo mara nyingi hujaziwa tena. Sharti lake ni maji ya moto, sabuni na mtu wa kuosha tu asiyefanya kazi nyingine.

Sasa vile vibanda vitatu.

Kimoja ni cha zawadi za ushago. Ukimwuliza mkazi wa Nairobi atanunua nini Desemba, hataji mapambo ya mti. Anataja sweta ya mama, leso, blanketi, themosi isiyovuja, taa ya sola, sufuria kubwa, viatu vya wadogo zake. Kuna mtu mtaani kwenu anayejua Gikomba alfajiri marobota ya mitumba yanapofunguliwa, na mwingine anayejua bei za sufuria na masanduku ya bati ya Kamukunji. Watafute hao. Kiondo na kandambili za ngozi za Kariokor, vinyago vya mawe ya sabuni kutoka Tabaka, Kisii, na shanga navyo vina mahali pake, lakini wanunuzi wake ni wengine, hasa wenye wageni kutoka nje.

Cha pili ni cha kufunga mizigo. Kijana mmoja, makatoni, magunia, kamba ya katani, kalamu nene ya wino na mizani. Anafunga, anaandika jina na mji, anapima uzito. Mtu akishaona kwamba blanketi na sufuria vinaweza kufungwa hapo hapo vikawa tayari kwa basi, hofu ya kununua kitu kikubwa inamwisha.

Cha tatu ni cha oda: nyama ya mbuzi au kuku wa kienyeji wa kuchukuliwa siku ya kusafiri, keki, na chapati zilizopikwa. Hakuna bidhaa mezani, ni daftari la risiti na malipo ya nusu.

Hatua ya 5: Hesabu fupi

Jumlisha gharama zote (tenti, meza, umeme, walinzi, wasafishaji, choo, ada za ofisi), kisha gawa kwa theluthi mbili ya vibanda. Tuseme gharama ni Sh45,000 na nafasi ni 24. Gawa kwa 16, unapata takriban Sh2,800 kwa kibanda. Wanane waliobaki ndio bima ya mvua na ya watakaoahidi wasitokee. Muuza njugu hawezi kulipa hizo, na humtaki akose: mpe ruhusa ya kutembeza kwa Sh300. Pokea ada juma moja kabla. Anayesema atalipa jioni akishauza hajaamua kuja.

Hatua ya 6: Taa

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa taa ndizo soko lenyewe.

Tumia balbu za LED za rangi ya manjano, zile zinazofanana na mwanga wa balbu za zamani. Mwanga mweupe wa kliniki huifanya nyama ionekane ya jana na nyuso zionekane za wagonjwa. Wauza nguo tu ndio wanaohitaji balbu moja nyeupe karibu na kioo, kwa sababu chini ya manjano bluu na nyeusi hazitofautiani na mteja atarudi kesho na malalamiko. Ning'iniza juu ya kichwa cha mtu mrefu, balbu ielekee bidhaa, isimpige mteja machoni. Kisha pitisha nyuzi za taa ndogo kukatiza njia, kutoka tenti hadi tenti, zitengeneze dari. Dari hiyo ndiyo itakayopigwa picha.

Nguvu yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kibanda kimoja, balbu tatu za wati 9, ni wati 27. Vibanda 24 ni wati 648. Soketi yetu ya kawaida ni ya ampea 13 kwa volti 240, yaani takriban wati 3,100, hivyo taa zote zinaweza kuishi kwenye soketi moja na nafasi ikabaki ya spika. Tatizo linaingia mtu anapochomeka birika la umeme, ambalo peke yake hula wati 1,500 hadi 2,000, na jirani yake anachomeka kikaangio. Swichi inaruka, soko zima gizani, saa mbili na robo. Piga marufuku vifaa vyote vya kupikia vya umeme. Kupika ni kwa gesi au makaa, hakuna mjadala.

Mwachie fundi wa stima aliyesajiliwa kazi ya kuvuta nyaya. Nyaya zipite juu, kamwe zisilale kwenye nyasi, na viungio vyote vifungwe visiingie maji. Waya wa kukunja kwenye roda ufunguliwe wote hata kama unahitaji mita tano tu, kwa sababu ukibaki umekunjwa ukabebeshwa mzigo hupata moto. Stima ikipotea je? Kila muuzaji aje na taa moja ya kuchaji iliyojaa, na kamati iwe na jenereta ndogo mbali na vibanda vya chakula. Ukiwa nayo hutaihitaji.

Hatua ya 7: Mvua, matope, moto, maji, choo

Tenti ziwe na kuta za pande tatu zinazoweza kushushwa, na mapaa yake yagusane ili mteja asiloweshwe kati ya kimoja na kingine. Mifereji ya maji kati ya tenti ielekezwe nyuma. Weka magunia kumi ya machujo ya mbao kutoka kwa fundi seremala wa karibu. Yakimwagwa kwenye tope hufanya kazi haraka na ni ya bei ya kutupa. Mvua ikinyesha, usitangaze kuahirisha. Watu wa Nairobi wakishakwama chini ya tenti yenye mahindi choma hawaendi popote, na vibanda vya vinywaji vitafanya biashara ya usiku mzima kwa nusu saa.

Mitungi ya gesi ikae nyuma ya kibanda, wima, nje ya njia ya watoto. Kizima moto kimoja kwa kila vibanda sita na ndoo ya mchanga kwa kila jiko la makaa. Makaa yaliyokwisha yasimwagwe kwenye gunia la takataka.

Bomba la mtaani usilitegemee Jumamosi. Jaza tangi au mitungi ya lita 20 tangu Alhamisi, weka ndoo zenye koki na sabuni kando ya chakula, kila upande. Choo kiwe mbali na harufu ya chakula lakini njia yake iwe na taa mwanzo hadi mwisho. Mwanamke akiona njia ya choo ni giza, yeye na watoto wake wanaondoka. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, kwa hiyo wakumbushe wauzaji waje na karatasi za kaki.

Hatua ya 8: Malipo

Till au Pochi la Biashara za M-Pesa, namba ikiwa imeandikwa kwa tarakimu za kusomeka kutoka mita tatu, pande mbili za kibanda. Kanuni ni moja: thibitisha kwenye simu ya muuzaji. Ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja si malipo, hata akiwa na uso wa malaika. Umati ukiwa mkubwa mtandao hulegea, kwa hiyo chenji ya sarafu za kumi, ishirini na noti za hamsini iwepo, na kamati iwe na mtu mmoja wa kuvunja pesa kubwa ili muuzaji asitoke kibandani kutafuta.

Hatua ya 9: Kutangaza

Makundi ya WhatsApp ya korti na ploti, tangazo la kanisani Jumapili mbili kabla, bango langoni, bango kwa mama mboga, bango steji. Yatosha. Andika saa, mahali, bei mbili tatu za chakula, na neno kuhusu maegesho na usafiri wa kurudi. Picha za theluji na kulungu ziache. Weka picha ya chapati.

Hatua ya 10: Siku yenyewe

Saa tatu asubuhi tenti zinasimama. Saa sita nyaya. Saa nane wauzaji wanapanga, kila mmoja na namba yake aliyopewa kwa ujumbe, bila kubadilishana. Saa tisa lango linafunguliwa, na mchana huu ni wa watoto: kasri la hewa la kurukia, kuchora uso, kubandika kadi za kwenda kwa shosho na guka, yaani bibi na babu. Mauzo yatakuwa madogo. Usijali, hawa watoto ndio watakaowavuta wazazi wao waje saa kumi na mbili.

Langoni kila mtoto aandikiwe namba ya simu ya mzazi mkononi kwa kalamu. Meza moja yenye taa na bendera iwe ya waliopotea, na kila muuzaji aijue ilipo.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini, washa taa zote kwa pamoja. Usiwashe kimoja kimoja tangu saa kumi na moja; watu wakiwa wamekusanyika, kwaya iko tayari, mtoto mmoja anahesabu kumi kushuka hadi moja. Ni sherehe ya sekunde chache isiyogharimu kitu, na kuanzia hapo saa zako tatu zimeanza.

Saa moja hadi saa tatu kamati isile wala isiuze. Mmoja yuko langoni, mmoja anazunguka na gunia la takataka, mmoja yuko kwa fundi wa stima, wawili wako njiani. Njiani maana yake ni kutoka lango hadi steji. Simu hunyakuliwa huko, wala si ndani. Zungumza na Nyumba Kumi, kamati ya usalama ya majirani, na walinzi wa ploti za jirani, vuta taa mbili tatu nje ya ua, na kubaliana mapema na vijana wa boda wanaojulikana, wenye jaketi za kuakisi mwanga, bei ya kila mtaa ikiwa imebandikwa langoni. Bei iliyobandikwa inamfanya mtu akae nusu saa zaidi, kwani hana hofu ya kukatwa mara mbili. Nusu saa hiyo ni kinywaji kingine na sahani ya bhajia.

Saa tatu na nusu tangaza oda za mwisho za chakula. Saa nne kamili spika zinazimwa. Majirani wa ghorofani wamevumilia na unawahitaji Jumamosi ijayo. Taa za njia zibaki hadi muuzaji wa mwisho apakie. Walinzi, waosha vikombe na wasafishaji walipwe usiku huo huo, mkononi au kwa simu, kabla kamati haijagawana chochote.

Asubuhi, nenda uwanjani na mwenye uwanja mchana kweupe, mtazame pamoja. Beba reki: njiti za mutura na mishikaki huingia kwenye nyasi na watoto hucheza hapo peku. Hesabu zisomwe kwenye kundi wiki hiyo hiyo, mapato upande mmoja na matumizi upande mwingine, kabla watu hawajasafiri. Wakisharudi Januari hakuna atakayekumbuka ni nani alibaki na vikombe sita vya enameli.